Vikofia vya Bluu

Ukitaka kumjua Deodatha wa Bugomora, usianze na shahada zake. Anza na gauni lake la pamba, lililopauka hadi rangi yake imesahaulika. Ndilo alilovaa kila alipokwenda kuchota maji ya Mto Kagera kwa utafiti wake wa uzamivu. Alikuwa akitafuta chembe za plastiki zisizoonekana kwa macho, na nguo nyingi za siku hizi zimefumwa kwa plastiki hiyo hiyo. Ukitikisa mkono tu, nyuzi zinapukutika. Kina mama wa usharika walimshonea sare inayong'aa, akaipokea kwa kupiga magoti, kisha akaining'iniza chumbani. Wakasema amesoma mpaka akaishiwa nguo. Akacheka nao, akarudi mtoni na gauni lake.

Mkali namna hiyo, lakini kwa mama yake alilegea. Auleria alizaliwa kwa wafugaji, na kwao chombo kuachwa mdomo wazi ni aibu ya mwenye nyumba. Ekyanzi, kile chombo cha mti cha kuwekea maziwa, hakikai bila kifuniko hata kikiwa kitupu. Sasa akaziona chupa za kioo za bintiye zimeoshwa, zimesimamishwa mezani zikauke, midomo wazi kama vifaranga. Uvumilivu ukamshinda. Akachukua uzi wa bluu anaofumia vitambaa vya makochi, akaifumia kila chupa kikofia chake.

Deodatha alivikuta vimeshavalishwa. Alijua haifai, maana uzi ule nao ni plastiki. Lakini mama alikuwa amesimama pale akingoja kusifiwa, na binti akamsifu. Msimu mzima wa mvua chupa zilikaukia chini ya vikofia hivyo kabla ya kwenda mtoni.

Maabarani, Dar es Salaam, kila chupa ilitoa nyuzi za bluu. Mwenzake Elpidius alifurahi kwa niaba yake. Matokeo kama hayo, alisema, hata wazungu watayasoma. Ndipo Deodatha akaweka kwenye hadubini maji ya chupa ya ulinganisho, ile aliyoijaza maji yaliyochujwa, ambayo haikuonja mto hata tone. Nyuzi za bluu. Alijua papo hapo zimetoka wapi.

Elpidius akamnong'oneza kwamba chupa moja kupotea si ajabu, maabara zote hupoteza chupa. Wengi wetu tungeipoteza. Deodatha alimwandikia profesa wake kwamba msimu wote umeharibika, na kosa ni lake. Jina la mama yake hakulitaja.

Akashuka basi Omurushaka, akaunganisha gari hadi Bugomora, njia nzima akipanga maneno. Alimkuta Auleria amemaliza kufuma vikofia vipya kwa ajili ya msimu unaokuja. Maneno aliyoyapanga yakamkimbia, akaeleza tu jinsi uzi ule unavyopukutika.

"Kwa hiyo nimekuharibia," Auleria alisema.

"Nimejiharibia mwenyewe, Mama. Niliona, nikanyamaza."

Auleria aliuvuta uzi kati ya vidole vyake, akavitazama vidole. Kisha macho yakahamia pembeni, kilikosimama ekyanzi, kimefunikwa kitambaa chake kizuri cha bluu.

"Na maziwa?"

Deodatha alikuwa amejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Alichunguza mto mzima, na pembe ile ya nyumba yao hakuwahi kuitazama. Safari hii hakutafuta neno la kumfurahisha mama.

"Na maziwa pia, Mama."

Auleria akakiondoa kitambaa. Kutoka darini akateremsha kifuniko cha nyasi alichosuka marehemu mama yake, akakipangusa vizuri, akakifunika ekyanzi. Halafu akaiendea meza ya bintiye, akaziinamisha chupa moja baada ya nyingine, midomo chini.

"Hivi hazitatuaibisha," alisema. "Wewe nenda kavae lile gauni lako, mto hautakuja hapa."