Mvua ya Gihosha na Farasi wa Mbali

Juzi, nikijikinga mvua katika kibanda cha bahati nasibu mtaani Gihosha, nilimkuta mwalimu wa hesabu ameketi na mkewe mbele ya kompyuta. Kwa miezi mingi amekuwa akikusanya matokeo ya mbio za farasi za Ufaransa, yanayopatikana bure mtandaoni, na kuyalisha kwenye programu ya kumbashiri mshindi. Asubuhi hiyo walikuwa wameuza cherehani ya mke, iliyowalisha, na fedha yote wameiweka juu ya farasi mmoja.

"We tulia, mama," alisema mwalimu, akiigusa kompyuta. "Ordinateri imehesabu. Huyu anapendaka terrain lourd, udongo wenye kulowa."

"Na umejua aje kama kule udongo umelowa?"

Mwalimu akanyoosha kidole mlangoni. "Si unaona mvula?"

Mke akaitazama mvua, kisha televisheni ya kibanda. "Papa, hizo farasi zinakimbiaka Gihosha?"

Kwenye televisheni mbio zilianza, na kwato zikatimua vumbi chini ya jua kali. Farasi wake alimaliza miongoni mwa wa nyuma.

Mke akainuka, akaifunga kompyuta taratibu kwa viganja viwili, akampakatisha mumewe.

"Shika. Kesho utaiambia ishone."

Sikucheka. Takwimu zote alizozichota mbali zilikuwa sahihi; ile moja aliyoiongeza mwenyewe aliichungulia mlangoni. Wengi wetu huipima dunia kwa kizingiti cha nyumba yetu, ila si wote tunaolipa kwa cherehani ya mtu mwingine.