Viatu Mlangoni

Muuguzi wa zahanati kule Tuwan, Kitale, ana sauti ya mvua inayonyesha mbali, ile unayoisikia ukiwa bado usingizini. Mzee Wabwile, aliyetoka Bokoli kuja kukaa kwa bintiye, huifuata sauti hiyo kila siku ya kliniki ya presha. Muuguzi haiti mtu kwa kupaza sauti. Hutoka akamwendea pale benchini. Hafungi mlango ila mgonjwa apende. Viganja huvisugua kwanza vipate joto, kisha huuliza, "Mzee, nikushike mkono?" na husubiri jibu kana kwamba dunia nzima haina haraka.

Ila Wabwile huvua viatu mlangoni. Utotoni, kabla ya uhuru, baba yake alisahau kuvua akala zake za mpira, akakanyaga veranda ya mzungu mwenye shamba. Alichapwa kiboko, watoto wake wakitazama. Tangu hapo miguu ya Wabwile haivuki kizingiti cha ofisi ikiwa na viatu. Hajamwambia mtu, na muuguzi hajawahi kumdadisi.

Leo, ukungu wa Mlima Elgon ukiwa umelala dirishani, muuguzi aliviangalia viatu vile kwa muda. Akavua vyake, akavipanga kando ya vya mzee, akarudi kuketi peku.

Wabwile akakosa raha. "Daktari, vaa viatu bana. Simiti iko baridi, utaugua."

"Iko baridi kweli, mzee. Si tuvae wote?"

Mzee akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Akaviendea viatu vyake, akavaa, akarudi ndani akikanyaga simiti kwa kishindo.