Nilivyoshika kamba ya Wahindi: macho mekundu na bafu la maji moto, shule ya bweni Kampala

Wakuu, habari za leo. Walionizidi umri shikamooni, ingawa humu sidhani kama mpo wengi.

Nimesoma uzi wa vijana wanaolalamika jinsi corona ilivyowaharibia shule, nikacheka peke yangu jikoni mpaka mjukuu akaja kuniuliza, "Bibi, una nini?" Nikaona na mimi nilete yangu.

Ninayosimulia niliyaishi mwenyewe. Na kuna kipande kimoja sijawahi kumwambia mtu, hata marehemu mume wangu. Leo nakitoa.

Mimi ni mama wa miaka sitini na kitu, naishi Mwanza, ila nimezaliwa Kampala, kambi ya polisi. Baba alikuwa Mwacholi, anapiga ngoma kubwa kwenye bendi ya polisi. Kiswahili changu ni cha kambini, kimekuja kunyooshwa huku na mama mkwe. Nikiteleza mnivumilie.

Haya, twende.

Ni mwanzoni mwa miaka ya sabini. Jenerali ameshachukua nchi. Mimi niko kidato cha pili, shule ya bweni ya wasichana, juu ya kilima. Shule ilikuwa ya Wahindi tangu zamani, sisi weusi tulianza kuingizwa baada ya uhuru.

Kulikuwa na mabweni mawili. Upper House, ghorofani, ina bafu la ndani, hodhi jeupe la kuogea, na tangi la maji moto. Na New Block, chini, ina bomba moja nje karibu na jiko.

Hakuna mahali palipoandikwa Upper House ni ya Wahindi. Hapana. Ila rafiki yangu Namusoke, baba yake daktari, aliomba kuhamia kule akaambiwa pamejaa. Akachungulia mwenyewe, akaona vitanda viwili vimewekewa masanduku ya nguo. Yaani sanduku lilikuwa na kitanda, Namusoke hana.

Na sisi tusijifanye malaika. Wale wa juu tulikuwa tunawasema kwamba wananuka bizari. Na Waganda huku chini walikuwa wananiita mimi makaa, kwa weusi wangu. Kila mtu alikuwa na wake wa kumdharau, mambo yanaenda.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinaniweka roho juu.

Kule kambini mambo yalikuwa yamechafuka. Watu wa upande wetu wa kaskazini walikuwa wanaitwa ofisini, hawarudi. Baba aliponileta muhula ule alinishika bega pale getini, akaniambia, "Akello, usirudi nyumbani mpaka nitume mtu. Hata shule ikifungwa, omba ubaki." Baba alikuwa mtu wa utani sana. Siku ile hakutania hata kidogo.

Na mimi nilikuwa tayari na onyo moja la maandishi. Kosa? Kupiga ngoma kwenye meza ya chakula. Mkono wa baba huo, ningefanyaje. Metroni, mama msimamizi wa mabweni, aliniambia kosa la pili ni kufungasha na kwenda nyumbani.

Basi ndiyo ikaingia Apollo.

Vijana hamuijui. Ni ugonjwa wa macho mekundu uliopita nchi nyingi miaka ile. Watu waliupa jina la chombo kilichokwenda mwezini, eti kimerudi na vumbi. Jioni jicho linawasha, asubuhi unaamka kope zimegandana kwa matongotongo, hufungui hata kwa dua. Hauui, ila unakufanya kipofu mpaka uoshwe kwa maji ya uvuguvugu.

Ndani ya wiki moja nusu ya shule tulikuwa hatuoni.

Mkuu wa shule alikuwa mama wa Kizungu, Miss Weller, mrefu, mkavu, ila mtu wa haki. Hakufunga shule. Alitoa viti vyote ukumbini, akapanga magodoro, akafunika madirisha kwa mablanketi maana mwanga ulikuwa unauma. Wagonjwa wote humo, wa juu na wa chini. Ila metroni akapitisha pazia katikati. Huku sisi, kule wao.

Jamani, mle ndani tulifurahi.

Masomo yalikuwa ya kusikiliza tu. Mwalimu wa historia anasoma kwa sauti, hakuna kuandika, hakuna daftari la kusahihishwa. Tukawa na mchezo wa kutambua mtu kwa kupiga chafya. Tukawa na kwaya. Chakula kikija, wao wanaletewa chapati, sisi posho, yaani ugali, na maharage, na kwa kuwa wagawaji nao walikuwa nusu vipofu, sahani zilikuwa zinavuka pazia zenyewe. Siku moja nilikula chapati yenye mchuzi wa dengu nikanyamaza kimya. Upande wa pili nikasikia mtoto anauliza kwa Kiingereza, "Hii nyeupe ni nini? Tamu." Alikuwa amepata posho yangu.

Mtoto huyo ndiye Shamim, kidato cha kwanza. Dada yake Zarina alikuwa kiranja wa Upper House. Apollo haikumgusa Zarina kabisa. Msichana wa kunyooka, sketi haina mkunjo, na mimi hakuwahi kunisalimia hata siku moja.

Sasa, ya kwenda kunawa asubuhi. Tutafikaje na macho yamefumba?

Metroni akaagiza kamba. Mzee Rajabu, askari wetu wa getini, ndiye aliyezifunga. Kamba ya katani inatoka mlango wa ukumbi, inapita ukutani mpaka bomba la nje: yetu. Kamba ya plastiki, laini, inatoka mlango uleule, inapanda ngazi mpaka bafu la juu: yao.

Mzee Rajabu alituita akatushikisha moja moja. "Hii ya kukwaruza ni ya nyinyi. Ile ya kuteleza ni ya Wahindi. Kila mtu kamata yake." Halafu akashusha sauti. "Mimi nafunga tu. Si mimi nasema."

Mtu wa mbele anashika kamba, wengine wanashikana mabega nyuma yake kama treni. Kila asubuhi treni yetu ilikuwa inakwenda bombani. Maji ya pale alfajiri ni baridi ya kukata. Matongotongo hayalainiki, unasugua mpaka machozi ya damu yanataka kutoka. Birika la maji ya chumvi kutoka jikoni likifika limeshapoa.

Siku ya sita zamu ya kuongoza ilikuwa yangu.

Nikanyoosha mkono mlangoni, nikashika kamba, nikaanza kutembea. Nyuma yangu wasichana kumi na wanne. Mbele kidogo mguu ukagonga ngazi.

Hiki ndicho kipande nilichowaambia, wakuu. Miaka yote nimesema nilikosea. Kweli, mlangoni nilikosea, usingizi ulikuwa haujanitoka. Lakini mguu ulipogonga ngazi nilijua. Mkononi kamba inateleza, na bombani hakuna ngazi. Nilisimama kidogo. Macho yananiuma, nayafikiria yale maji ya baridi, nikawaza, kwani macho ya wa juu yameumbwa na nini?

Nikapanda.

Namusoke nyuma akanong'ona, "Akello, hizi ngazi za nini?" Nikamwambia nyamaza, inua mguu.

Tukafika. Nikapapasa bomba, nikafungua. Maji moto.

Sijui niwaelezeje. Nililia, na si kwa maumivu. Nikanawa mpaka kope zikaachia, nikaona mwanga, nikaona hodhi jeupe na taulo zimepangwa. Nikaanza kuwaosha wenzangu mmoja mmoja kwa pamba. Kila anayefunguka macho anaangalia pale alipo, anapiga mayowe, halafu anacheka. Wawili wakaingia ndani ya hodhi na nguo zao za kulalia.

Wa kumi na nne nikamwosha. Nikageuka, kuna wa kumi na tano. Shamim. Alikuwa amesimama mlangoni anasubiri treni yao, akasikia miguu inapita, akashika bega la mwisho akaja nasi. Nikamkalisha ukingoni mwa hodhi, nikamwambia asifinye macho. Alikuwa anatekenywa na pamba, anacheka mpaka anateleza.

Ndipo mlango ukafunguka. Zarina.

Akatuangalia. Akamwangalia mdogo wake mikononi mwangu. Shamim wala hakusimama, akasema, "Dada, huyu anaosha vizuri kuliko wewe."

Zarina akaingia, akapima maji ya bomba kwa kidole. Halafu akasema, "Mmemaliza maji yote ya moto." Akafunga mlango akaondoka.

Nikasema kwisha habari yangu.

Lakini aliyetushtaki hakuwa yeye. Ni metroni, aliyekuta nyayo zenye maji ngazi nzima. Alitusimamisha akatuambia tumepeleka ugonjwa wetu juu. Sasa ndugu zangu, tulikuwa na ugonjwa mmoja, Apollo ileile, ila wetu ndio ulionekana mchafu. Akasema kesho asubuhi Miss Weller atauliza nani aliongoza, na huyo anaondoka siku hiyohiyo.

Sikula mchana ule. Nilikuwa namfikiria baba akiniona nateremka na sanduku pale kambini.

Asubuhi ikafika, na Mungu ana vituko vyake. Metroni kaamka macho yamegandana. Na Miss Weller naye jana yake yalikuwa yameanza, kaja na miwani myeusi mikubwa, anapapasa ukuta. Wakubwa wawili wanakuja kuhukumu, wameshikana viwiko, hawaoni.

Sisi tumejipanga kwenye varanda, wa juu na wa chini. Macho yetu wengi yalikuwa yameanza kupona, kwa hiyo tuliona kila kitu.

Wakati wale wawili bado wako kwenye kona, Zarina akatoka kwenye mstari. Akaenda mlangoni, akafungua fundo la kamba ya katani, akaanza kuivuta. Anavuta haraka haraka, mkono kwa mkono, mpaka ikatoka yote ukutani. Akaisokomeza kwenye kikapu cha nguo chafu. Kamba nene, kifuniko hakifungi. Akakaa juu yake, akanyoosha sketi.

Mzee Rajabu alikuwa amesimama palepale. Aliona mwanzo mpaka mwisho.

Miss Weller akauliza nani aliongoza jana.

Mmoja akasema, "Madam, macho yangu yalikuwa yamefumba." Wa pili hivyohivyo. Wote kumi na wanne, na Shamim akaongeza lake.

Metroni akapandisha hasira. "Kulikuwa na kamba mbili. Kila mtu anajua yake. Mtu hawezi kukosea kamba mbili."

"Nionyeshe," akasema Miss Weller.

Metroni akapapasa mlangoni. Akashika moja. Akapapasa tena, juu, chini, akapiga hata magoti. Moja. Wasichana arobaini tumejaza kola za nguo midomoni kuzuia kicheko, Namusoke anatetemeka kama ana malaria.

"Rajabu," Miss Weller akaita. "Kamba ngapi?"

Mzee akamtazama Zarina juu ya kikapu. Akakohoa kidogo.

"Madamu, mimi naona moja."

Miss Weller akanyoosha mkono, akaishika ile kamba ya plastiki, akaanza kutembea. Sisi nyuma yake, wote, mabega kwa mabega, wa juu wamechanganyika na wa chini. Akapanda ngazi. Akafika bafuni, akafungua bomba, akavua miwani, akanawa muda mrefu sana.

Akajifuta. Akasema, "Hii ndiyo njia ya bafuni. Itumieni."

Metroni akataka kuongea. Miss Weller akamwambia, "Njoo unawe kwanza."

Sikurudishwa nyumbani. Pazia la ukumbini likaondolewa siku hiyo, na baada ya Apollo kuisha Namusoke alipewa kitanda kimojawapo cha vile vya masanduku.

Baba alikuja kunichukua mwenyewe, mzima, siku ya kufunga shule. Hakutuma mtu.

Zarina na Shamim waliondoka mwaka uliofuata, Wahindi walipoamriwa kutoka. Kabla hajaondoka nilimuuliza Zarina kwa nini alinifichia. Akaniambia, "Nilikuona pale chini ya ngazi. Nilikuwa nimesimama juu. Ulisimama, ukafikiri, ukapanda. Mimi nimeishi juu miaka mitatu, sijawahi kufikiri."

Kwa hiyo alijua. Kumbe siri yangu ilikuwa na mwenzangu tangu siku ya kwanza.

Somo langu ni dogo, wakuu. Ubaguzi ule haukuwa na bango wala sheria. Ulikuwa mazoea, mtu anakuonyesha njia yako na wewe unaishika. Na aliyeuvunja hakutoa hotuba, alivuta kamba akaikalia.

Haya, nimemaliza, naenda kuangalia maharage yangu. Waliosoma bweni niambieni, kwenu mlitengwa kwa lipi, na kuna yeyote aliyewahi kukaa juu ya kikapu kwa ajili yenu? Matusi wekeni pembeni, mjukuu anasoma pamoja nami.