Shada la Mlango wa Bogumil

Msuka mashada wa lango la makaburi hukata waya kwa meno, mkasi ukiwa mfukoni. Vidole vyake vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa misonobari, na kila akimaliza shada hulipiga kofi jepesi, kama mtoto anayetumwa dukani. Oktoba hii alijiwa na binti aliyekulia Kanada, mke mpya wa Bogumil, yule yule Bogumil aliyemwacha msukaji huyu Pasaka iliyopita, baada ya miaka ishirini ya ndoa. Binti alitaka shada la kupamba mlango majani yanapopukutika. "Liwe la kienyeji, mama." Akaitikiwa kwa upole wa kutisha. Msukaji akafunga masuke ya shayiri na matunda ya waridi mwitu, kisha, akiimba puani, akachomeka krisanthemu nyeupe, maua ambayo mjini kwao hupelekewa wafu tu.

"Jamani, limependeza!" alisema binti.

Kesho yake vikongwe watatu waligonga mlango ule, mishumaa mkononi. "Pole, mwanangu. Marehemu katutoka lini?" Marehemu mwenyewe, Bogumil, alitokeza na soksi moja mguuni, akaliona shada, akakimbia nalo hadi lango la makaburi.

"We mwanamke! Umenizika hai!"

Msukaji hakuinua macho. Aliuma waya, ukakatika.

"Kwangu ulikufa tangu Pasaka, Bogumil. Shada ndilo lililochelewa."