Miguu ya Bibi Kwenye Hita

Enzi zetu pale Somanda, Bariadi, mtoto alilijua gari kwa miguu. Pikapu ya Baba ilikuwa na geji ya joto ambayo mshale wake ulilala chini siku moja na haukuamka tena. Baba, mwenye duka la vitambaa, hakuona sababu ya kununua geji nyingine wakati alikuwa na watoto.

Niwaeleze ambao hamkubahatika. Injini hupozwa na maji. Maji hayo yakishapata moto, mengine hupita kwenye kisanduku kidogo nyuma ya dashibodi, na feni hupuliza hewa hapo mpaka ikufikie miguuni. Hiyo ndiyo hita. Iliundwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi. Sisi wa Simiyu joto tunalo la kugawa. Lakini maji yakipungua, kisanduku kile, kwa kuwa kiko juu, hukauka mapema. Injini inachemka, hita inapuliza baridi. Kwa hiyo hewa ikiwa ya moto, maji yapo, twende. Ikiwa baridi, simama kabla hujaua injini.

Basi tulisafiri na hita ikiwa wazi, mchana, msimu wa pamba, vumbi likiingia dirishani na kuganda kwenye jasho. Tundu la upande wake Baba aliliziba kwa matambara, hivyo aliyekaa kushoto ndiye aliyekuwa geji. "Vipi huko chini?" "Moto, Baba!" Tuliigombea kazi hiyo. Wenzetu walipoendesha ringi za baiskeli kwa kijiti wakiunguruma kama malori, watoto wa nyumba yetu walikimbia na mmoja nyuma akipiga kelele, "Moto! Moto!" Majirani walitoka na ndoo mara mbili hivi, kisha wakazoea.

Mwaka mmoja Bibi, mzaa mama, aliyekuwa akiishi Mwanhuzi, alipatwa na mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limeshafunga, la pili likiona vivuli tu. Madaktari wa macho walikuja Bariadi kwa siku chache, nasi tulipata habari siku yao ya mwisho ikiwa kesho yake. Baada ya adhuhuri hawangepokea mgonjwa mpya. Baba akaenda kumchukua, nami nikapewa kazi maalumu: kukaa katikati.

Maana mkwe ni mkwe. Hawakai bega kwa bega, hawaangaliani usoni, hawasemeshani ovyo. Baba asili yake ilikuwa Kondoa. Desturi hiyo aliikuta kwa Wasukuma, akaishika kuliko wenyewe. Nikakaa kama ukuta. Kushoto kwangu Bibi, kibuyu cha maziwa ya mgando mapajani, michembe ya viazi vilivyokaushwa imefungwa kwenye kanga, na miguu peku palepale penye hita.

"Muulize bibi yako kama kuna moto miguuni," Baba akaniambia, macho barabarani.

"Bibi, Baba anauliza kama kuna moto miguuni."

"Mwambie upo. Ahsante sana."

Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa. Mimi niliendelea kupeleka ujumbe.

Tukaenda hivyo mpaka tukapita Lalago. Jasho lilimtiririka Bibi mpaka kidevuni. Akaninong'oneza, "Baba yako huwafanyia wageni wote hivi?"

"Hata sisi hutufanyia."

"Mtu mwema," akasema, akijifuta shingo.

Mbele kidogo, baada ya daraja, Baba akauliza tena kupitia kwangu. "Mwambie upo," Bibi akajibu, "unatosha kabisa." Jasho lilikuwa limemkauka na alikuwa amenyoosha vidole vya miguu. Nikafurahi kwamba amezoea.

Punde mvuke ukatoka kwenye boneti, injini ikagonga, tukasimama.

Baba akashuka, akatazama, akarudi dirishani. "Muulize bibi yako, ule moto ulikuwepo kweli?"

Bibi akakunja vidole vya miguu. "Mwambie ulizimika kwenye daraja."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemaje, mkwe? Umeniwashia moto kutoka nyumbani kwangu mpaka darajani. Ningesema umezimika, si ungeniwashia mwingine!"

Kisha wote wawili wakagundua kwamba sikuwa nimetumwa. Baba aliingiza kichwa chote ndani ya boneti, akakaa humo kuliko kazi ilivyohitaji.

Mpira wa kupeleka maji kwenye hita ulikuwa umepasuka. Baba aliufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Wachunga ng'ombe waliokuwa wakinywesha kwenye lambo wakatusalimia, "Mwangaluka," wakatuletea maji kwa dumu. Lakini rejeta ya moto haifunguliwi, itakuchuna uso. Ilibidi tungoje. Bibi, ameketi kwenye majani, akaniuliza, "Jua limefika wapi?" Nikamwambia. Baadaye akauliza tena.

Wakati tunangoja, Baba alimweleza Bibi habari ya kile kisanduku, mwanzo hadi mwisho, akiwa amempa mgongo. Bibi alisikiliza akitazama upande wa ng'ombe. "Kumbe ilikuwa kazi," akasema. "Ungeniambia kuwa ni kazi."

Kutoka hapo hakungoja kuulizwa. "Moto, mkwe!" kila kona. "Moto, mkwe!" tukipita Maswa. Ulipopungua alisema "Vuguvugu!" Baba akasimama, akasubiri, akaongeza maji, tukaondoka.

Tulifika muuguzi akiingiza mabenchi ndani. "Mmechelewa," akasema. Kisha akamtazama Bibi, miguu imembabuka. "Miguu yake imefanya nini?"

"Ni hita," Baba akajibu.

Muuguzi akatazama jua, akatazama tena ile miguu, akaenda kumwita daktari. Bibi alikuwa mgonjwa wa mwisho kuingia.

Baada ya upasuaji, alipofunguliwa bandeji, tulimpeleka nje. Akaizunguka pikapu polepole, akaninong'oneza kwa sauti iliyofika mpaka hospitali ya pili: "Mwambie baba yako nilidhani ni nzuri zaidi."

Siku hizi, badala ya maji, magari yana kulanti ya rangi na kioo kinachoeleza kila kitu. Juzi mtoto wa kaka yangu alikuwa ananipeleka Malampaka, kiyoyozi kinapuliza, taa nyekundu ikawaka. "Ni taa tu, Shangazi," akasema. Nikamwomba afungue hita. Alinitazama kana kwamba nina malaria. Nikavua viatu. Baridi. Nikamsimamisha, na kweli, kulanti ilikuwa imekaribia kwisha. Akaniuliza nimetumia programu gani.

Ni kijana mzuri, atajifunza. Lakini ndani ya gari lake kila mtu ana spika zake masikioni, na hakuna haja ya mtu kumuuliza mwenzake anahisi nini miguuni. Baba na Bibi wote wametangulia. Nikiwa peke yangu barabara ya Maswa, hufungua dirisha, kisha hita kidogo. Hakuna anayeuliza. Nasema hivyo hivyo: moto, Baba.