Mteja Aliyesikia kwa Macho

Sijawahi kuandika menyu ukutani na sitaandika. Ukiandika ndengu asubuhi, kufika saa saba ndengu zimekwisha, halafu mtu mzima anakuonyesha ukuta kwa kidole kana kwamba ulimwapia. Kwa hoteli yangu hapa Kimbo, Ruiru, mteja ananawa mikono, anaketi, anauliza, "Leo iko nini?" Nami nasimama mbele yake namtajia kwa mdomo: iko ugali, iko madondo, iko ndengu, iko chapati, matumbo iko kidogo. Anachagua, ninapakua, maisha yanaendelea. Hoteli yenyewe ni meza nne na mabati juu, usidhani ni zile za kando ya maporomoko ya Chania ambapo watalii huketi kupigwa picha. Lakini ni yangu, na imesomesha watoto.

Saa saba kamili, miaka na miaka, mteja wangu wa kwanza wa chakula cha mchana alikuwa mzee mmoja wa kutoka magharibi mwa Kenya. Alikuja Thika akiwa kijana, akafanya kazi ya kufuma katika kiwanda cha nguo mpaka akastaafu, kisha akahamia Kimbo kwa sababu nyumba ilikuwa rahisi. Mke wake alishatangulia, watoto wametawanyika. Alikuwa na chumba kimoja kwenye ploti ya vyumba vya kupanga nyuma ya steji ya matatu, redio isiyowashwa, na shati alilolipiga pasi kila siku ili aje kula madondo, maharagwe yangu ya mchuzi.

Masikio yake yaliliwa na zile mashine. Aliniambia mwenyewe: katika chumba cha kufuma kelele haikuwa kitu cha kushindana nacho, kwa hiyo wafumaji walizungumza bila sauti, kwa midomo tu. Mtu wa huku anachezesha midomo, mwenzake upande ule anasoma, wanacheka, wanasengenya msimamizi akiwa amesimama katikati yao wala hajui. Alipostaafu masikio yalikuwa yamebaki ya mapambo, lakini macho yake yalisikia kila kitu. Wateja wengi hawakujua kwamba hasikii. Walidhani tu ni mzee mwenye heshima, anayemtazama mtu akiongea. Mimi nilijua, na nilikuwa namtajia chakula polepole, uso kwa uso, naye akitazama mdomo wangu kama mtu asomaye gazeti.

Basi serikali ikasema kila mtu afunike mdomo na pua. Redioni waliita barakoa, sisi tuliita maski. Sitaki mtu aseme nilipinga. Ugonjwa ulikuwapo, tulizika watu, na ile miezi ya kwanza mimi mwenyewe nilikuwa naosha mpaka noti. Kilichonichosha ni ile kanuni jinsi ilivyoletwa mlangoni kwangu na afisa wa afya, kijana mwenye faili. Akasema mteja avae maski akiingia, aketi nayo, aivue chakula kikifika, aivae tena akimaliza kutafuna. Nikamuuliza, na akitaka kuongezewa supu? Akaandika kitu kwenye faili. Mimi, alisema, nisiivue hata dakika moja, na akinipata nimeivua atafunga hoteli.

Wateja walianza kupungua wiki ile ile. Mtu anafika mlangoni, anapapasa mifuko, anakumbuka maski imebaki nyumbani, anageuka. Mwendesha boda aliyekuwa anakula kwangu mara mbili kwa siku aliniambia, "Mathe, kuvaa na kuvua, kuvaa na kuvua, si afadhali nile mkate nikikaa kwa pikipiki yangu?" Na akaenda akala mkate kwa pikipiki yake, mbele ya mlango wangu, nikimwona.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nilinunua maski moja ya kitambaa, nikaitundika kwa msumari mlangoni. Asiyekuwa nayo aivae, apite, aketi, airudishe kwenye msumari. Nilijiona mjanja wa Ruiru nzima. Mpishi wangu, mama wa upande wa Kakamega mwenye ulimi usiolala, aliitazama siku ya tatu ikiwa imelowa jasho la wanaume kumi na wanne, akasema, "Hiyo sasa si maski, hiyo ni kikombe cha ushirika kanisani." Nilikasirika kwa sababu alisema kweli. Niliitoa nikaichoma, lakini si kabla ya mzee wangu kuingia.

Aliingia saa saba kamili na shati lake la pasi. Mtu akampa ile ya msumari. Akaishika kwa vidole viwili, akainusa, akaitundika tena mahali pake. Akatoa leso mfukoni akajifunga usoni, akaketi. "Leo iko nini?"

Nikamtajia. Akanitazama. Nikarudia kwa sauti kubwa. Akaendelea kunitazama, macho yakitafuta mdomo ambao hakuuona. Nikapiga kelele. Hoteli yote ikageuka, na vijana wawili pale mwisho wakacheka. Mzee akatikisa kichwa, akasema, "Sawa, sawa, hiyo hiyo." Nami, na haraka zangu na hasira zangu, nikampelekea ugali na matumbo, kwa sababu ndicho nilichokuwa nimetaja mwisho. Mzee hali matumbo. Sijawahi kumwona akila matumbo tangu nimjue. Alikula ugali mkavu, akanywa maji, akalipa, akashukuru, akaenda. Niliporudi kuchukua sahani nikakuta matumbo yote yako pale. Nilitaka kuirusha.

Kesho yake nilijiambia, potelea mbali. Alipouliza "Leo iko nini?" nilivuta maski mpaka kidevuni nikamtajia uso kwa uso kama zamani. Uso wake ukafunguka. Akasema, "Madondo na chapati mbili." Nilipogeuka kwenda jikoni, kijana wa faili alikuwa amesimama mlangoni.

Nilieleza. Nilimwonyesha mzee, nikamwonyesha masikio, nikataja mashine za Thika. Alisema anasikitika lakini sheria haina masikio. Akaniamuru nifunge siku tatu. Wateja wakatolewa na sahani mkononi. Mzee hakusikia neno hata moja, lakini aliona vidole vikimwonyesha yeye, akaelewa yote.

Tulipofungua tena hakuja. Siku ya kwanza nikasema labda ana mafua. Siku ya nne nilifunga chakula nikaenda kwenye ploti. Alifungua mlango, ndani kulikuwa na pakiti ya maziwa na nusu mkate juu ya meza. Kioski cha hapo kinauzia dirishani, mtu anaonyesha kwa kidole, hakuna haja ya kusikia. Nilirudi nyuma hatua kadhaa, nikavuta maski mpaka kidevuni, nikamwambia, "Nimekuletea chakula."

Akasema, "Chakula cha kuletewa chumbani ni cha mgonjwa. Mimi si mgonjwa."

"Basi njoo."

"Sitafunga hoteli ya mtu kwa sababu ya masikio yangu. Nitarudi siku mtakapofungua midomo." Alisema bila uchungu, kama mtu anayesema atarudi mvua ikikatika. Akanishukuru, akafunga mlango. Nilirudi na chakula changu mkononi nikiwa nimejaa hasira isiyo na mahali pa kwenda. Nilimkasirikia kijana wa faili, nikawakasirikia wale vijana waliocheka, nikamkasirikia mzee kwa ukaidi wake. Mpishi nilimkasirikia pia, kwa kuniuliza mbona chakula kimerudi.

Mvua ile ilichukua karibu miaka miwili kukatika. Nilimwona mara chache barabarani, kila mara shati likimpwaya zaidi shingoni. Tulipungiana mikono. Ungemwambia nini mtu kama huyo kutoka ng'ambo ya barabara ukiwa umefungwa mdomo?

Mimi mwenyewe nilichukia kwenda kununua vitu. Supermaketi ya Ruiru unapimwa joto kwenye paji la uso kama nyama ya buchari, unamwagiwa dawa mkononi, unapanga foleni kwenye alama za rangi, ukifika ndani umesahau ulifuata nini. Nilipunguza safari. Kila nilichoweza kununua dirishani nilinunua dirishani, na nikamwelewa yule wa boda, ingawa sikumwambia.

Lakini maharagwe huwezi kununua dirishani. Mimi hununua soko la Thika, kwa gunia, na maharagwe yana njia moja tu ya kuyajua: unachukua moja unaliuma. La msimu huu linakubali jino kidogo. La mwaka juzi linakataa, na hilo utalichemsha mpaka makaa yaishe. Mama yangu alinunua hivyo, na mama yake pia. Sasa, utauma vipi na maski? Nilivuta maski, na mwuzaji, mama niliyemzoea miaka mingi, akanipigia kelele nifunike mdomo, askari wa kaunti wako pale. Nikachota haraka, nikatia kinywani haraka, nikauma haraka. Haikuwa haragwe. Ilikuwa kijiwe.

Jino la mbele, la juu, likapasuka. Wiki hiyo hiyo nililing'oa, huko huko Thika, kwa sababu Ruiru ningekutana na watu ninaowajua kwenye benchi. Nilipotoka nilijitazama kwenye kioo cha duka la viatu. Pengo lilikuwa kubwa kama mlango wa banda la kuku. Nikavaa maski yangu, nikatazama tena, na nikaonekana mzima kabisa.

Wee, kuanzia siku hiyo niliipenda. Mwanamke aliyekuwa ameilaani kila asubuhi akaanza kuiosha kwa sabuni ya unga na kuipiga pasi. Nilinunua ya maua ya kwenda kanisani. Hakuna aliyejua ila mpishi, na mpishi nilimtishia.

Kisha tangazo likaja kwamba si lazima tena. Kimbo ilifurahi. Watu walizitupa barabarani, mbuzi wakazitafuna. Wateja walirudi, meza zote nne zikajaa mpaka wengine wakala wamesimama, na vicheko vikarudi, vile vya mtu akiwa na ndengu mdomoni. Mimi nilibaki nimefunikwa. Wakiniuliza nilisema ugonjwa haujaisha. Wengine nikawaambia nina mafua, na mmoja nikamwambia ni usafi wa chakula, akasema kweli, niko mbele ya wenzangu. Mpishi alikuwa anakanda unga wa chapati. Akasema kwa sauti ya kujisemea, "Nyani haoni..." Nilimwambia akande unga.

Siku ya tatu, saa saba kamili, mzee aliingia.

Alikuwa amekonda. Shati lilikuwa na pasi, lakini ndani yake mlikuwa na mtu nusu. Alinawa mikono, akaketi mahali pake karibu na dirisha, na wale waliokuwa meza ile wakasogea kumpa nafasi. Alitazama watu wote wakila na kuongea, akisoma huku na huku, na niliona anatabasamu kwa jambo ambalo mtu alisema meza ya mbali. Kisha akanigeukia.

"Leo iko nini?"

Nikamtajia nikiwa ndani ya maski yangu ya maua. Nilitaja vyote, mpaka mwisho. Yeye alitazama kile kitambaa, na lile tabasamu likaanza kuondoka polepole.

"Bado wanafunga hoteli?" akauliza.

Nilitaka kusema ndiyo. Nakiri, lilikuwa ulimini. Lakini meza zote zilikuwa zimejaa midomo wazi, na yeye aliiona kama nilivyoiona mimi. Nikatikisa kichwa. Akasubiri kidogo, kwa adabu, kisha akaweka kiganja juu ya meza, jinsi mzee anavyoweka anapotaka kusimama.

Nilivuta ile kitu masikioni, yote, nikaitia mfukoni mwa aproni.

"Iko ugali," nikamwambia, uso kwa uso, polepole. "Iko madondo. Iko ndengu. Iko chapati. Matumbo iko, lakini wewe huli."

Alinitazama mdomo muda mrefu. Wengine nao wakatazama, hata yule mwendesha boda, kijiko kikiwa hewani. Mpishi alitoka jikoni na unga mikononi.

"Uling'oa jino," mzee akasema, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia.

"Ndiyo."

"Lini?"

"Mwaka jana."

Akafikiri. "Pole," akasema. "Hakuna mtu aliniambia."

Nikaona aibu, na haikuwa ya jino. Huyu mtu nilikuwa nikimpikia miaka yote ile, anakaa hatua mia mbili kutoka kwangu, na miaka miwili hakuna aliyemwambia lolote, hata mimi ambaye kila siku nilikuwa na la kumwambia kila mtu.

"Madondo," akasema. "Na chapati mbili."

Nikaenda kupakua.