Buti Lililojazwa Maji

Niliingia dukani Konde kukimbia mvua ya masika, viatu vimelowa chepechepe, hata hamu ya kuamkia watu sina. Mbele yangu alisimama bwana mmoja anayetembeza wageni msituni, analigeuzageuza buti la ngozi.

"Hili halipitishi maji?"

"Halipitishi kabisa," alijibu muuzaji.

Bwana yule hakubishana. Alitoka barazani, akalikinga buti kwenye maji yanayoteremka kutoka kwenye bati mpaka likajaa, akarudi nalo amelinyanyua juu. Tukalitazama sote. Halikuvuja hata tone.

"Mashaallah," akasema. "Zuri kweli hili. Haya, nipe jozi nyengine, kavu."

Muuzaji alifumba macho. "Shehe wangu, hiyo ndiyo uliyoipima. Nyengine hujaipima."

"Lakini hili limerowa," alijibu kwa upole. "Ntalivaaje?"

Akapewa jozi kavu, akaenda zake na furaha. Muuzaji akamwaga maji nje, akavuta gazeti kuukuu chini ya meza, akaanza kulichana na kulisokomeza ndani ya buti.

"Ukilianika juani ngozi hupasuka," aliniambia kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Dawa yake gazeti."

Ukurasa wa mwisho kuingia ulikuwa wenye safu hii ninayoiandika.

Miaka yote naandika bila kujua kama kuna ninayemfaa. Sasa najua: safu hii inanyonya maji vizuri sana.